Kubomoa ukuta kupata fremu: Mwenye nyumba na mkandarasi hukosania wapi?

KATIKA mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, ukuta una bei. Mwenye nyumba ya mtaa wa Aggrey, Congo au Mkunguni anapoutazama ukuta wa mbele wa nyumba yake haoni ukuta, anaona fremu ya duka. Akiubomoa anapata duka moja. Akiligawa duka hilo kwa mbao au jipsamu anapata mawili. Akichimba chini anapata stoo, na stoo Kariakoo haikosi mpangaji, kwa kuwa kila mwenye mzigo anatafuta pa kuulaza.

Hesabu hiyo ndiyo inayoanzisha kazi nyingi za ukarabati katikati ya jiji, wala si rangi na vigae. Na ni hesabu halali. Nyumba ni mali, na mali isiyozaa mahali penye kodi kubwa kama Kariakoo ni hasara kwa mwenyewe. Tatizo linaanza pale mwenye nyumba anapomwita mtu wa kuifanya kazi hiyo, wakaelewana kwa mdomo, wamesimama mbele ya ukuta ambao hakuna hata mmoja kati yao anayejua umebeba nini.

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, majira ya saa 3 asubuhi, jengo la ghorofa nne katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo liliporomoka likiwa na wafanyabiashara, wateja na vibarua ndani yake. Uokoaji uliendelea kwa siku kadhaa, baadhi ya waliofukiwa wakipelekewa hewa, maji na glukosi kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye kifusi. Watu zaidi ya 80 waliokolewa. Watu 31 walipoteza maisha.

Mashuhuda walieleza siku zile kwamba chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kuchimba ili kuongeza nafasi ya maduka, huku maduka mengine yakiendelea kuuza kama kawaida. Serikali iliunda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo, na kabla mwezi haujaisha watu watatu waliotajwa kuwa wamiliki wa jengo walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu wakikabiliwa na mashitaka 31 ya kuua bila kukusudia.

Nani ana hatia ni kazi ya mahakama kusema. Lakini kwa kila mwenye nyumba, awe wa Kariakoo au wa Masasi, lipo jambo la kusoma katika hati ile ya mashitaka: waliopandishwa kizimbani ni wamiliki. Wengi hudhani kwamba mtu akishamkabidhi fundi kazi, lawama ya litakalotokea imehamia kwa fundi. Haiko hivyo. Kazi inaweza kuhamishwa, dhamana haihami nayo.

Na halikuwa jengo la kwanza. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa kwenye kona ya mtaa wa Indira Gandhi na barabara ya Morogoro lilianguka na kuua watu 36. Viongozi wa serikali walisema wakati huo kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizoombewa kibali. Kabla ya hapo, mwaka 2006, baada ya jengo la ghorofa kuanguka Chang'ombe, Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, aliunda tume kukagua maghorofa ya Dar es Salaam. Tume, kamati, timu: jiji hili halijawahi kukosa wakaguzi baada ya msiba. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "hapana" kabla nyundo haijapiga.

Kiwanja kidogo, mabosi wawili

Ili kuelewa kwa nini ukarabati wa Kariakoo ni mgumu kuliko wa Mbezi au Tabata, ni vizuri kukumbuka kiwanja chenyewe. Eneo hili lilipangwa na Wajerumani karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza kuwa makazi ya Waafrika, viwanja vidogo vidogo katika mitaa iliyonyooka. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Nyumba iliyosimama hapo ilikuwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Msingi wake ulichimbwa kubeba ukuta mmoja na paa la makuti au bati. Haukuchimbwa kubeba ghorofa.

Viwanja hivyo vimerithiwa mara mbili au mara tatu. Warithi ni wengi, fedha ya kujenga hawana, ila wana kiwanja ambacho kila tajiri anakitaka. Ndipo ulipozaliwa mtindo wa ubia. Familia inatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha za ujenzi. Jengo likikamilika, familia inapewa ghorofa moja au mbili za kuishi, na mwekezaji anakusanya kodi ya maduka kwa miaka waliyokubaliana.

Mtindo huu umewatoa watu wengi kwenye vyumba vya udongo, haufai kubezwa. Hata hivyo, una ufa ambao mikataba mingi haiuzibi. Mkandarasi ana mabosi wawili, na anayemlipa ni mwekezaji. Familia mara nyingi haijui hata jina la kampuni inayojenga, achilia mbali kuona michoro. Mwekezaji naye anahitaji jengo lisimame kwa muda wa mkataba wake, pengine miaka 15 au 20. Familia inahitaji lisimame mpaka wajukuu. Hizo ni nguzo mbili za unene tofauti, na asiyekuwapo mezani wakati wa kuchagua ndiye atakayekuja kuishi ndani.

Kwa familia zenye kiwanja cha namna hiyo, la kudai kabla ya sahihi si ghorofa ya ziada. Wadai nakala ya michoro iliyoidhinishwa, nakala ya kibali cha ujenzi, jina na namba ya usajili ya mkandarasi, na haki ya kumpeleka mhandisi wao wenyewe kwenye saiti kila ghorofa inapomalizika. Gharama ya mhandisi huyo ni ndogo mno ukiilinganisha na kodi ya fremu moja ya chini kwa mwaka.

Fundi si mkandarasi

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili hutumika kama mapacha. Kisheria ni watu wawili. Mkandarasi ni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chombo kilichopo kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, la kwanza likiwa la kazi kubwa na la saba la kazi ndogo, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi linayoweza kuchukua. Michoro ni kazi ya msanifu, nguvu za nguzo na zege ni kazi ya mhandisi, gharama ni kazi ya mkadiriaji majenzi, na hao nao wana bodi zao za usajili. Kibali kinatolewa na halmashauri, ambayo kwa Kariakoo tangu mwaka 2021 ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Manispaa ya Ilala.

Fundi ni yule mwenye mwiko, pimamaji na saidia fundi wawili. Wako mafundi hodari kuliko wahandisi wengi katika kupiga lipu, kupanga vigae na kunyoosha kona. Kwa nyumba ya chini ya kawaida, kubadili dari, kuweka madirisha ya alumini au kuongeza choo cha ndani, fundi mzuri anatosha kabisa na mwenye nyumba hana sababu ya kutafuta kampuni yenye ofisi. Mwenye kupima ajiulize swali moja tu: kazi hii inagusa kinachobeba kitu kingine? Kama inagusa nguzo, boriti, slabu, msingi au ukuta ulio chini ya ghorofa, imetoka mikononi mwa fundi, hata akiwa ana uzoefu wa miaka 30.

Ukuta wa namna hiyo hautambuliki kwa macho. Katika maghorofa ya miaka ya karibuni mzigo hubebwa na nguzo na boriti za zege, na kuta za matofali ni za kugawa vyumba tu. Katika majengo mengi ya zamani ya katikati ya jiji kuta zenyewe ndizo nguzo. Fundi aliyezoea maghorofa mapya anapoingia kwenye jengo la zamani na kusema "huu ni ukuta wa kawaida, bosi", anasema ukweli wa jengo jingine. Na anayechimba pembeni au chini ya msingi uliopo anauondolea msingi huo udongo unaoushikilia. Kazi hiyo inawezekana, na wahandisi huifanya, lakini kwa vipande vifupi vifupi, kimoja kikikazwa kwa zege kabla kingine hakijafunguliwa. Haifanywi kwa sururu za vibarua kumi usiku mmoja.

Ni kweli kwamba wenye nyumba wengi huacha njia ya kibali kwa sababu wanaiona ndefu. Malalamiko ya nenda rudi katika ofisi za halmashauri si ya kubuni, na serikali ikitaka watu wafuate utaratibu lazima utaratibu wenyewe uwe na mwisho unaojulikana. Lakini kibali kinachochelewa miezi miwili kinamgharimu mwenye nyumba kodi ya miezi miwili. Agizo la kusimamisha kazi linaweza kumgharimu zaidi, kwa kuwa ukuta unakuwa umeshabomolewa na mpangaji ameshalipa.

Fedha ndiyo inayowatenganisha

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na fundi hauanzi na zege. Unaanza na kianzio. Fundi anaomba nusu ya fedha mwanzoni, mwenye nyumba anatoa, kazi inaanza kwa kishindo wiki ya kwanza, kisha mafundi wanapungua, kisha simu haipokelewi. Mwenye nyumba anasema ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa. Fundi wake ana kazi tatu kwa wakati mmoja, na kianzio cha mzee wa Buguruni ndicho kilichomalizia kazi ya mama wa Ilala, ambaye naye fedha zake zilikwisha kumalizia ya mtu mwingine. Fundi hana mtaji, anaishi kwa kianzio kinachofuata. Akikosa mteja mpya, mteja wa mwisho ndiye anayebaki na ukuta wazi.

Dawa ya hilo haipatikani kwa kumfokea. Inapatikana kwa kuyapanga malipo yafuate kazi iliyoonekana. Tuchukue mfano wa ukarabati wa Sh milioni 20, vifaa na ufundi pamoja. Sh milioni 4 zinaweza kutolewa kuanza kazi, zikiwa za vifaa vya hatua ya kwanza na si vinginevyo. Sh milioni 6 zinafuata baada ya kubomoa, kuegemeza na kusimamisha nguzo mpya. Sh milioni 5 baada ya boriti na slabu, Sh milioni 4 baada ya lipu, umeme na maji. Sh milioni 1 ya mwisho inabaki mkononi mwa mwenye nyumba kwa miezi sita au mwaka, wahandisi wanauita muda huo kipindi cha matazamio, ili ufa au uvujaji ukionekana fundi awe na sababu ya kurudi. Viwango vinaweza kubadilika kwa makubaliano. Kisichobadilika ni kwamba wakati wowote kazi iliyofanyika iwe na thamani sawa au zaidi ya fedha iliyolipwa.

Na mpango huo una upande wa pili ambao wenye nyumba hawapendi kuusikia. Hatua ikikamilika, malipo yatoke siku hiyo. Fundi anayezungushwa wiki tatu kwa fedha aliyokwisha kuifanyia kazi atakwenda kutafuta kianzio kwingine, na mwenye nyumba atakuwa amemtengeneza yeye mwenyewe yule fundi mtoro anayemlalamikia.

Hapa mkulima ana mtihani wake. Mkulima wa korosho wa Mtwara au wa ufuta wa Lindi hapokei mshahara wa mwezi, fedha zake huja kwa mkupuo baada ya minada. Anajua zikikaa nyumbani zitakwisha kwa harusi, misiba na ada, hivyo anaona usalama ni kumpa fundi zote aanze kugeuza nyumba ya barabarani kuwa duka la pembejeo. Fundi anapokea mlima wa fedha, hana sababu ya kuharakisha, na msimu wa kupalilia unamkuta mkulima shambani, si kwenye saiti. Afadhali fedha hizo zilale benki au kwenye chama cha akiba na mikopo, zitoke kwa hatua, na yupo ndugu au jirani aliyeachiwa jukumu la kuangalia hatua kabla ya malipo. Kama ni kununua vifaa, anunue mabati, misumari na nondo mapema bei zikiwa nzuri, lakini si saruji, maana saruji iliyokaa miezi kadhaa kwenye chumba chenye unyevu hushika mabonge na kupoteza nguvu.

Bei za vifaa zenyewe ni sababu nyingine ya kukosana. Mwishoni mwa mwaka 2020 saruji ilipanda ghafla nchini kote, na waliokuwa wameshafunga bei na wateja wao walijikuta wakichagua kati ya kula hasara, kuomba nyongeza au kupunguza saruji kwenye mchanganyiko. La tatu ndilo rahisi, kwa sababu halionekani. Makubaliano yenye sentensi moja inayosema bei ikipanda kupita kiasi fulani nani atabeba tofauti, yanamwondolea fundi kishawishi hicho.

Ufundi tu

Wengi wanaona njia ya mkato ni kununua vifaa wenyewe na kumlipa fundi ufundi tu. Kwa kazi ndogo ni busara, na risiti za mashine ya kodi zinakuwa kwa jina la mwenye nyumba. Lakini anayenunua vifaa ndiye aliyejifanya mkandarasi. Fundi akisema zege la slabu linahitaji mifuko 40 na mwenye nyumba akaleta 30, aliyedhoofisha jengo si fundi.

Nondo ni mfano mzuri, na hapa mfanyabiashara mwenye mizani ana faida kuliko mhandisi asiye nayo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ya milimita 16 ya urefu huo inakaribia kilo 19, na ya milimita 10 kilo 7.4. Ukipima mzigo wa nondo kumi za milimita 12 ukakuta kilo 85 badala ya 107, huo si upungufu wa mizani, ni nondo nyembamba inayouzwa kwa jina la nene. Ni rahisi zaidi kugombana dukani kuliko kwenye kifusi, na muuzaji mwaminifu hakasiriki mteja akipima.

Fundi wa ufundi tu analipwa kwa kazi, si kwa siku, hivyo faida yake iko kwenye kumaliza haraka. Zege nalo halina haraka. Linahesabiwa kuwa limepata nguvu yake kwa siku 28, na siku saba za kwanza linahitaji kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Fundi anayetaka mirunda na mbao zake azipeleke saiti nyingine atasema siku kumi zinatosha. Yafaa yaandikwe mapema: mirunda ya chini ya slabu na boriti hainyanyuliwi mpaka mhandisi aseme. Vilevile maji. Zege jepesi kama uji linamwagika kirahisi na vibarua wanalipenda, lakini kila ndoo ya maji iliyozidi inapunguza nguvu yake.

Kisha kuna yale maneno madogo ya saiti. "Fundi, hapo niongezee kabati." "Sawa, bosi." "Na huo mlango usogee huku." "Hamna shida." Mwisho wa mwezi fundi anadai Sh laki nane za kazi ya ziada, bosi anaapa kwamba ilikuwa ndani ya makubaliano, na wote wawili wanasema kweli kama wanavyokumbuka. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo. Ila mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambako ndiko ugomvi wa namna hii hupelekwa kwanza, hana namna ya kuusikia mdomo uliosema jana. Daftari la shule linalokaa saiti, kila badiliko likaandikwa na bei yake na sahihi mbili, linamaliza nusu ya kesi hizo. Picha za simu kabla na baada zinamaliza nyingine.

Yule aliyekataa

Duniani kuna mfano mmoja ambao kila mwenye nyumba ya biashara angefaa kuujua. Katika jiji la Seoul, Korea Kusini, jengo lililoanza kujengwa kama makazi na ofisi liligeuzwa njiani kuwa duka kubwa, Sampoong. Mmiliki alitaka nguzo zipunguzwe na nyingine ziondolewe kupata nafasi ya ngazi za umeme, na baadaye akaongeza ghorofa ya tano. Kampuni iliyokuwa ikijenga ilikataa mabadiliko hayo. Mmiliki akaiondoa, kazi ikamaliziwa na kampuni yake mwenyewe. Duka lilifunguliwa mwaka 1990 na likafanya biashara nzuri kwa miaka mitano. Juni 29, 1995, baada ya nyufa kuonekana na viongozi wa duka kuamua kuendelea kuuza, liliporomoka na kuua watu 502.

Mkandarasi mwenye thamani katika habari hiyo ni yule aliyefukuzwa. Huyo ndiye ambaye soko la Kariakoo halina namna ya kumlipa. Fundi anayesema "hii siwezi, mwite mhandisi" anaondoka bila hata nauli, na anayemfuata anasema "inawezekana" na kupewa kianzio. Wenye nyumba wanalalamikia mafundi uchwara, lakini wao ndio wanaowachuja mafundi kila siku, na chujio lao linabakiza wanaokubali. Kulipa Sh laki moja au mbili kwa mtu wa kuja kuangalia tu, hata kama jibu lake ni kwamba fremu ya pili haiwezekani, kungebadili mambo zaidi ya kamati nyingi.

Upo mtu wa tatu katika ukarabati wa Kariakoo, naye hajaulizwa lolote. Ni mpangaji. Waliokuwa ndani ya jengo la Mchikichi hawakuwa wenye jengo peke yao, walikuwa wauza nguo, vipodozi na vifaa vya simu, wasaidizi wao wa duka, na wateja waliotoka mikoani kufungasha mzigo. Mpangaji anasikia nyundo chini ya sakafu yake, anaona ufa unaokua kutoka kona ya mlango kwenda juu, anaona shata lililokuwa likishuka vizuri limeanza kukwama. Hizo ni dalili za jengo kukaa vibaya, na hazihitaji shahada kuzitambua. Lakini amelipa kodi ya miezi sita au mwaka mbele, ametoa na kilemba, na mzigo wa mkopo uko rafu. Akifunga, hasara ni yake peke yake. Ndiyo maana hafungi.

Anayo mambo ya kuuliza. Kazi halali ya ujenzi hubandika kibao mbele ya saiti chenye majina ya mmiliki, mkandarasi na washauri, na ujenzi wa ghorofa usio na kibao ni taarifa tosha ya kupelekwa kwa mtendaji wa kata au ofisi ya jiji. Katika majengo ambayo sehemu zake zina wamiliki tofauti, Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatambua kwamba ziko sehemu za pamoja, hivyo mwenye ghorofa ya chini hana mamlaka ya kufanya apendavyo na kinachowabeba walio juu. Katika nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, mpangaji anayetaka kuvunja au kuongeza chochote anapaswa kupata ruhusa ya shirika kwanza.

Kwa fremu za watu binafsi, ambazo ndizo nyingi, kinga iko kwenye karatasi ya upangaji, na karatasi hizo kwa kawaida zina ukurasa mmoja unaotaja kodi, muda na marufuku ya kuchelewesha malipo. Mistari miwili zaidi ingetosha: kwamba mwenye nyumba akitaka kufanya kazi inayogusa msingi, nguzo au slabu atatoa taarifa ya maandishi ya siku 30 na kuonyesha kibali, na kwamba siku zote ambazo duka litafungwa kwa ajili ya kazi hiyo zitaongezwa mwisho wa mkataba au kodi yake kurudishwa. Mpangaji mmoja akiidai peke yake ataambiwa wapo kumi wanaoisubiri fremu hiyo. Ghorofa nzima ikiidai pamoja wakati mikataba inapohuishwa, mwenye nyumba atalazimika kupiga hesabu upya.